Pima Nguvu ya Chakula cha Ng'ombe, Si Ukubwa wa Mzigo



Wengi wetu huamini ya kuwa ng'ombe aliyejaza tumbo amekwisha kulishwa. Mimi naona imani hii yatutia hasara kubwa. Mtu hukata majani asubuhi na jioni, mkewe na watoto hubeba mizigo mizito, na ndoo ya maziwa bado haijai. Sababu ni kwamba twapima ukubwa wa mzigo, wala hatupimi nguvu iliyomo ndani yake. Kuni mbichi na kuni kavu zaweza kuwa na uzito mmoja, lakini mpishi ajua ni zipi zitakazoivisha ugali.

Kwanza, ondoa maji katika hesabu. Mabingobingo mabichi, sehemu nne katika tano huwa ni maji. Mgomba, ambao wafugaji wa Kilimanjaro huwakatia ng'ombe wao zizini, una maji zaidi ya 90 katika mia. Basi kilo 60 za mabingobingo zina kilo 12 tu za chakula kikavu, na kilo 60 za mgomba hazifiki hata kilo 6. Ukitaka kujua mwenyewe, pima kilo 1 ya majani, uyakatekate, uyaanike juani mpaka uzito usipungue tena, kisha uyapime. Kilichobaki ndicho chakula.

Pili, tazama ugumu wake. Mwaka 1905 mtaalamu Oskar Kellner wa Ujerumani alitoa kitabu juu ya kulisha mifugo, akapima nguvu ya kila chakula kwa kuilinganisha na ile ya wanga. Alionyesha ya kuwa majani makavu na magumu hupoteza sehemu ya nguvu yake katika kazi ya kutafunwa na kusagwa. Siku hizi wataalamu hutumia kipimo kiitwacho megajuli. Katika kilo 1 ya chakula kikavu, mahindi yana megajuli 13 hivi, pumba za mahindi 11, mabingobingo machanga 8, na mabua ya mahindi 7.

Sasa tufanye hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 ahitaji megajuli 45 hivi kila siku kwa uhai wake tu, na kila lita 1 ya maziwa yahitaji megajuli 5. Kilo 12 kavu za mabingobingo zatoa 96. Ondoa 45, zabaki 51, yaani lita 10 hivi. Mabua ni magumu, hawezi kula zaidi ya kilo 8 hivi, nazo zatoa 56. Ondoa 45, zabaki 11, yaani lita 2 tu. Na tumbo limejaa mara zote mbili!

Wako watakaosema, "Wazee wetu hawakupima, na ng'ombe wao waliishi." Ni kweli. Walakini ng'ombe wale walitembea na kujichagulia malisho, wala hawakudaiwa lita 10. Ng'ombe wa zizini hula kile tu unachomletea.

Hesabu hii ni makisio. Wala msidhani ya kuwa dawa ni kumjazia mahindi, kwani nafaka nyingi kwa ghafula huchachua tumbo lake, tena yaweza kumwua. Nguvu peke yake pia haitoshi. Hapana budi ng'ombe apate majani ya jamii ya kunde au mashudu, chumvi ya mifugo, na maji safi tele.

Basi kateni mabingobingo yafikapo kiunoni, kabla hayajakomaa. Mabua yawe nyongeza, yasiwe chakula chenyewe. Na anunuaye pumba aulize uzito wake na ukavu wake, asihesabu madebe tu.