Sikio Moja kwa Mhadhara, Jingine kwa Barabara

Ndugu mwanafunzi, wapo wanaoshikilia kwamba kusikiliza mhadhara huku ukikimbia ni kuudunisha. Elimu, wanasema, yataka meza, kalamu na utulivu. Siafikiani nao. Wengi wenu hapa Kampala mnaishi chumba kimoja na ndugu kadhaa, na utulivu huo hamuujui. Mwenye kupakua mhadhara mahali penye intaneti ya bure, kisha akaondoka nao alfajiri, amejipatia nusu saa ya chuo kikuu pasipo ada.

Ila masharti yapo. La kwanza ni uhai wako. Ziba sikio moja tu. La pili liachie barabara. Kwa kuwa nchini mwetu magari hupita kushoto, wewe kimbia kulia ili uyaone yanayokujia. Hata hivyo usijiamini, maana bodaboda hupita popote penye upenyo, na siku hizi zimo zinazotumia umeme, ambazo hazingurumi. Ufikapo njia panda, simamisha mhadhara. Hakuna mhadhiri ambaye hawezi kukusubiri uvuke. Tena barabara ni ya watu wote: mzee anayekusalimu asubuhi anastahili kuitikiwa, na asiyemsikia mwenzake huwa amejitenga na jamii ileile anayodai kuisomea.

Sharti la pili ndilo gumu. Mguu unapokwenda, maneno hupita kama upepo, nawe warudi nyumbani ukidhani umejifunza. Chukua mfano wa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha Makerere hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1979 alitoa Mihadhara ya Reith ya BBC, mihadhara sita kuhusu hali ya Afrika. Katika mmojawapo anahoji: imekuwaje bara lililo katikati ya dunia kijiografia likasukumwa pembezoni kisiasa? Swali hilo lapanda nawe kilima barabara. Lakini alilitamka kwa Kiingereza, na hapo ndipo kazi yako inapoanza.

Ufikapo, kabla hujaoga, mtafute mwenzako wa darasa umsimulie hoja moja tu kwa Kiswahili. Utakwama mapema. Ile hali ya mambo mawili yanayopingana na bado yote yakawa kweli, ambayo Mazrui aliijengea mihadhara yote sita, utaiitaje? Wengine husema kitendawili. Mimi napendelea ukinzani, kwani kitendawili kina jibu, na mtegaji analijua tangu mwanzo. Ya Mazrui hayakuwa hivyo. Mwenzako akikukatalia, mbishane. Asipoelewa, usikimbilie Kiingereza wala Kiganda: tafuta mfano, rudia sentensi, ifupishe. Ikishindikana kabisa, kesho kimbia na mhadhara uleule.