Kayaki za Mikocheni zinahitaji mwamuzi

Ligi ikisimama, shabiki wa Dar es Salaam anabaki yatima. Hakuna dabi ya kubishania, hakuna mkeka wa kuhesabu, hakuna kibanda umiza cha kukimbilia jioni. Ndipo mama watoto anapoikumbusha ile ahadi iliyotolewa msimu unaanza: ligi ikiisha, familia nzima beach.

Na beach ya upande huu, kuanzia Msasani na Mikocheni hadi Kawe na Mbezi, siku hizi si muhogo wa kukaanga na mishikaki peke yake. Kuna kayaki za kukodi kwa saa. Kuna na zile mbao pana ambazo mtu anasimama juu yake na kupiga kafi, anateleza juu ya maji kama winga aliyeachiwa pembeni bila beki.

Hilo ni jambo la kupongeza. Mtoto wa Mikocheni anakulia kati ya KMC Complex pale Mwenge, uwanja ambao Simba na Yanga zote zimewahi kuutumia kama nyumbani, na Bahari ya Hindi. Uwanja anaujua hadi mageti yake. Bahari anaiona kwa mbali, nyuma ya kuta za watu. Kayaki inamfikisha. Haina injini, haili mafuta, na zipo za watu wawili ambazo mzazi na mwanawe wanakaa pamoja. Kwa saa moja familia inapata mazoezi, kicheko na picha za kutambia kwenye simu.

Kasoro iko sehemu moja, nayo ni kubwa: mchezo huu mara nyingi unachezwa bila mwamuzi.

Sheria Namba 4 ya soka inataja vitu vitano ambavyo mchezaji haingii uwanjani bila kuwa navyo: jezi yenye mikono, bukta, soksi, vikinga ugoko na viatu. Awe Messi, awe dogo wa mchangani, mwamuzi akimwona hana vikinga ugoko anamtoa nje akavae kwanza. Hamuulizi ana uzoefu wa miaka mingapi. Hamuulizi kama anaona joto. Na shabiki jukwaani hashangai, maana ndiyo sheria.

Shabiki huyohuyo akifika ufukweni, sheria zote anaziacha kwenye gari. Anauliza bei ya saa moja, anaomba apunguziwe, analipa, anamweka mtoto mbele na kuanza safari. Jaketi okozi, lile watu wanaloliita laifu jaketi, limening'inia kwenye mti. Aliyekodisha anasubiri aombwe. Aliyekodi anasubiri apewe. Wote wawili wanaona aibu, kama vile kuvaa jaketi ni kukiri uoga.

Kinacholifanya jambo hili kuwa la haraka ni kalenda. Mapumziko ya ligi yetu kwa kawaida yanaangukia katikati ya mwaka, na katikati ya mwaka ni msimu wa kusi. Wakati ambao familia nyingi za mashabiki zina nafasi ya kwenda baharini ndio wakati ambao bahari ina nguvu.

Kusi ni mjanja. Asubuhi anaweza kulala, mchana akaamka. Ghuba ya Msasani imekingwa na rasi, kwa hiyo karibu na ufukwe maji yanaonekana yametulia kama yako kwenye beseni. Mtu akishatoka kwenye kivuli cha rasi, upepo unambeba kuelekea kaskazini. Kwenda ni raha tupu, kafi chache tu ameshafika mbali. Kurudi ndiyo mechi yenyewe, na hapo mikono imeshachoka. Aliyesimama kwenye ubao ana tabu zaidi, kwa sababu mwili wake unageuka tanga. Anayejua hupiga magoti au hulala kifudifudi na kupiga kafi kwa mikono. Asiyejua anaendelea kusimama na kusukumwa.

Halafu kuna maji yenyewe. Pwani ya Dar maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, hivyo saa nzuri ya Jumamosi iliyopita si lazima iwe nzuri leo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Goli la mpira lina urefu wa mita 2.44. Maana yake, ukisimika goli pale maji yanapoishia yakipwa, baada ya saa sita hivi mwamba wa juu utakuwa umezama. Maji ya namna hiyo yakianza kutoka, kayaki inatoka nayo.

Mwamuzi anayetakiwa hapa si mtu wa kutoka mbali. Ni huyohuyo anayepokea hela. Kazi yake iwe kusema: bila jaketi hakuna kafi. Awe na jaketi za watoto, si za watu wazima tu. Kipimo chake hakihitaji mtaalamu: mtoto akishavikwa na mikanda ikafungwa, mkubwa anashika jaketi mabegani na kuliinua. Likipanda hadi masikioni, si lake. Majini litamtoka kichwani kama jezi ya kaka yake. Na ule mpira wa ndani wa tairi la gari, ambao watoto huupenda, ni wa kuchezea. Haumshiki aliyeuachia.

Mwamuzi huyo aweke pia mstari wa mpaka, hata kama ni maboya mawili au bendera mbili, na awepo mtu wa kuangalia, si wa kuchati. Aliyesimama kwenye ubao afungwe kamba ya mguuni ili ubao usimkimbie. Kila anayekodi aambiwe neno moja kabla ya kuondoka: kayaki ikipinduka, ishike, usiiache kwenda kupiga mbizi za kishujaa. Kayaki inaelea, na inaonekana kirahisi kuliko kichwa cha mtu. Rangi nayo ina kazi. Hapo shabiki wa Simba atacheka, maana nyekundu inaonekana mbali na kijani inapotea majini. Asicheke sana. Njano ya Yanga nayo inaonekana vizuri tu.

Wapo watakaosema wavuvi wa Msasani wanaingia baharini kila siku na hawavai jaketi. Kweli, wengi hawavai, na bahari imekuwa ikichukua wavuvi miaka yote. Lakini hata tukiacha hilo, mvuvi yule amesoma upepo tangu utotoni. Baba wa Mikocheni amesoma msimamo wa ligi. Hawawezi kuingia na maandalizi sawa.

Wapo pia watakaosema masharti yatapandisha bei, na kayaki zitabaki za wageni wa hoteli. Hoja hii ina uzito, kwa sababu raha ya bahari isiwe ya wenye magari makubwa peke yao. Ila jaketi moja linavaliwa na wateja wengi kwa muda mrefu, na filimbi na maboya mawili havimfilisi mtu. Hata bei ikipanda kidogo, bora familia ikodi nusu saa imevaa kuliko saa nzima vifua wazi.

Anayedhani kuwa karibu na nchi kavu ni kuwa salama aikumbuke Ukara. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia gati, kimebeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Kivuko si kayaki, na makosa ya pale yalikuwa ya aina yake. Lakini nchi kavu ilikuwa inaonekana kwa macho, na kuonekana kwake hakukuwasaidia.

Si msiba wa ziwani peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Julai 25 hapa kwetu kusi anavuma, na mashabiki wanasoma habari za usajili.

Manispaa ya Kinondoni inatoa leseni za biashara. TASAC ina dhamana ya usalama wa vyombo vya majini. Haihitajiki semina wala kamati. Inahitajika ukurasa mmoja wa masharti uambatane na leseni ya kila anayekodisha: jaketi za saizi zote, mpaka unaoonekana, mtu wa kuangalia, na kusimamisha kazi upepo ukizidi. Asiyetimiza apewe kadi ya njano. Akirudia, nyekundu. Mashabiki wa mpira watakuwa wa kwanza kuelewa.

Hadi hapo itakapokuwa, mwamuzi wa muda ni baba au mama mwenyewe. Kabla hela haijatoka mfukoni aulize mambo matatu. Jaketi la huyu mtoto liko wapi? Maji sasa yanajaa au yanatoka, na upepo unaelekea wapi? Nani atakuwa anatuangalia, na atatufuata na nini tukishindwa kurudi?

Akijibiwa vizuri, alipe na afurahi na wanawe. Akijibiwa ovyo, abaki na hela yake na asione haya. Maji yakipwa, mchanga wa pale unatosha kabisa kwa chandimu, baba golini, mama mshambuliaji.