Hesabu Kwanza, Sifa Baadaye

Kijana akisema anataka kuanzisha tovuti ya kusimulia wajasiriamali waliofanikiwa, hupata washauri wa aina mbili. Wapo wanaomkatisha tamaa: mambo hayo yamejaa mtandaoni, hakuna atakayesoma. Wapo wanaomtia moyo kwa sababu mbaya: matajiri wanapenda kusifiwa, atawatoza na kupata pesa za haraka. Wote wanakosea, na kosa lao ni moja. Wanaichukulia simulizi ya biashara kuwa pambo. Mimi naamini ni elimu, tena elimu ambayo watu wetu wanaihitaji sana kwa lugha wanayouzia na kununulia. Kwa hiyo nayajibu madai yao moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Habari za matajiri zimejaa, hakuna nafasi"

Zimejaa kweli, ila ni za watu walewale. Tanzania utasoma habari za Mo Dewji, Said Salim Bakhresa na marehemu Reginald Mengi. Kenya utamsoma James Mwangi wa benki ya Equity. Afrika nzima utaambiwa habari za Dangote. Na hata hao husimuliwa kwa kunakiliana.

Mtazame Bakhresa. Kila anayemwandika atakwambia aliacha shule akiwa na miaka 14, akauza mchanganyiko wa viazi, na miaka ya 1970 akawa na mkahawa mdogo Dar es Salaam. Mstari unaofuata ni chapa yake ya Azam: unga, juisi, boti, televisheni. Katikati hamna kitu. Aliingiaje kwenye usagaji wa nafaka miaka ya 1980, wakati kazi hiyo ilikuwa imeshikwa na shirika la umma? Nafaka aliipata kwa nani, na aliilipia kabla au baada ya kuuza unga? Nani alimwamini kwa mkopo wa kwanza? Hapo ndipo biashara yenyewe ilipo, na hapo ndipo waandishi wengi wanaporuka.

Zaidi ya hayo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta Tanzania ina biashara ndogo na za kati zaidi ya milioni tatu, na zaidi ya nusu zilimilikiwa na wanawake. Linganisha hilo na sura unazoziona kwenye makala za mafanikio. Wanawake wanaouza dagaa kwa jumla Mwanza, wanaosindika mihogo, wanaoendesha saluni zenye wafanyakazi wa kudumu, karibu hawamo. Anayesema nafasi imekwisha hajaangalia nani ameachwa nje.

Dai la pili: "Msomaji anataka hamasa, hesabu zitamchosha"

Nenda Manzese au Tandale, Dar es Salaam, kwenye mashine za kukoboa na kusaga mahindi. Ukimwandika mwenye mashine kwa mtindo wa hamasa, utaandika kwamba alianza na mashine moja, akamtanguliza Mungu, akajituma, na leo anazo tatu. Msomaji atafurahi, kisha atabaki palepale alipokuwa.

Mwulize badala yake pumba ni za nani. Mahindi yakikobolewa ili yatoke sembe, pumba hubaki. Mahali pengine mteja huondoka nazo; mahali pengine humbakia mwenye mashine, naye huwauzia wafugaji wa kuku na nguruwe. Msimu ambao chakula cha mifugo kina bei, pumba hizo zinaweza kumpunguzia mzigo wa umeme. Mwulize umeme wa LUKU unakwenda vipi siku yenye foleni na siku isiyo na mteja. Mwulize nyundo za kinu na chekeche hudumu muda gani kabla ya kubadilishwa, na nani humtengenezea mota ikiungua mkesha wa sikukuu. Mwulize huwafanyaje wateja wa mkopo.

Mtu mwenye akiba yake, anayefikiria kununua mashine kama hiyo Morogoro au Songea, atayasoma majibu hayo mara mbili na kuyatuma kwa shemeji yake. Hesabu hazimchoshi mtu ambaye fedha yake iko hatarini. Zinamchosha tu asiyekuwa na nia ya kufanya kitu, na tovuti haiandikwi kwa ajili ya huyo. Hata katika maisha ya Mengi, sehemu ambayo watu hawaisahau ni ile ya kuunganisha peni nyumbani akiwa bado ameajiriwa kama mhasibu. Inakumbukwa kwa sababu ni kazi inayoonekana: vipande, mikono, na mshahara ambao hakuuacha mapema.

Dai la tatu: "Wafanyabiashara wetu ni wasiri, hawatasema"

Wana sababu za kuwa wasiri, na mwandishi asiyeziheshimu hastahili kuaminiwa. Wanaogopa makadirio ya kodi, wanaogopa washindani, wanaogopa msururu wa ndugu wenye shida. Wanaogopa pia usalama wao. Oktoba 2018 Mo Dewji alitekwa Dar es Salaam asubuhi alipokwenda kufanya mazoezi, akaachiwa siku kadhaa baadaye. Baada ya tukio kama hilo, mwandishi anayechapisha ratiba ya mtu, nyumba yake au shule ya watoto wake anafanya uzembe usiosameheka.

Lakini usiri huo ni wa mali, mara chache ni wa kazi. Mwulize mfanyabiashara ana shilingi ngapi benki, atafunga mdomo. Mwulize mzigo wa kwanza uliomtia hasara ulikuwa upi na alijifunza nini, atakuagizia chai. Watu waliotoka mbali kwa jasho lao wanapenda kueleza walivyoijua kazi, kwa sababu ni nadra mtu kuwauliza kwa dhati. Mengi mwenyewe aliandika kitabu cha maisha yake kikatoka mwaka 2018, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Kupatana mapema kuhusu yatakayoandikwa na yatakayobaki ndani ni heshima, na sasa pia kuna sheria: Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Anayesimuliwa apewe nafasi ya kusahihisha tarakimu na tarehe. Asipewe mamlaka ya kufuta ukweli.

Dai la nne: "Mtu anayesifiwa na wote amefanikiwa, unachunguza nini?"

Mwaka 2014 jarida la Forbes lilikadiria utajiri wa Elizabeth Holmes, mwanzilishi wa kampuni ya vipimo vya damu ya Theranos huko Marekani, kuwa dola bilioni 4.5. Mwaka 2016 jarida hilohilo lilishusha makadirio hayo hadi sifuri. Januari 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Waandishi wengi walikuwa wamemsifu bila kuuliza swali moja jepesi: je, mashine inapima kweli?

Hapa kwetu tunayo Nakumatt. Ilianzia Nakuru kama duka la magodoro, ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na ikatajwa kila mahali kama mfano wa kuigwa. Kufikia mwaka 2017 rafu zilikuwa tupu kwa sababu wasambazaji walikuwa hawalipwi, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifilisiwe. Wingi wa matawi ulionwa na wote. Deni lilijulikana na aliyekuwa akileta maziwa.

Hilo ndilo somo kwa mwenye tovuti. Usimalize kwa mhusika. Zungumza na anayemuuzia, anayemnunulia na aliyewahi kumfanyia kazi. Angalia kama kampuni imesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, au kwa msajili wa kampuni kama uko Kenya. Uliza mishahara hutoka tarehe ngapi na mara ya mwisho wasambazaji walilipwa lini. Ukikosa majibu, ahirisha makala. Sifa isiyochunguzwa inaweza kumfanya mama mmoja aweke pesa za kikundi chake mahali ambapo hazitarudi, na jina lako ndilo litakuwa juu ya makala iliyomshawishi.

Dai la tano: "Bila kumtoza anayesimuliwa, tovuti haitaishi"

Kuisimamisha tovuti si gharama kubwa. Jina na nafasi ya kuihifadhi hulipiwa kwa mwaka, na kijana mwenye simu nzuri anaweza kuanza. Kwa Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotoka mwaka 2018 na kubadilishwa baadaye zinawataka baadhi ya wachapishaji wawe na leseni, basi aulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya makala ya kwanza. Gharama ya kweli ni nauli, muda na uvumilivu wa kurudi kwa mtu yuleyule.

Ndiyo maana wengi hukimbilia kumtoza mhusika. Lakini aliyelipa ili asimuliwe amenunua tangazo, na msomaji hulijua tangazo upesi. Imani ya msomaji ikitoka, hata mtangazaji wa halali hana sababu ya kuja. Tovuti ya How We Made It in Africa, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2010, imejenga jina kwa mahojiano na wafanyabiashara kuhusu kazi zao. Indie Hackers, iliyoanza Marekani mwaka 2016 kwa kuwahoji waanzilishi waliokubali kutaja mapato yao, ilinunuliwa na kampuni ya malipo ya Stripe mwaka 2017. Kilichoipa thamani ni tarakimu zilizowekwa wazi. Wauzaji wa mashine, benki, kampuni za bima na vyuo vya ufundi wote wanawatafuta watu wanaojiandaa kuanza biashara. Wauzie nafasi ya tangazo, iandikwe wazi kuwa ni tangazo, na usiwauzie makala.

Dai la sita: "Kuwasimulia waliofanikiwa ni kuwadanganya maskini"

Hili ndilo dai zito kuliko yote, na lina ukweli ndani yake. Utafiti wa Kenya wa mwaka 2016 ulikuta biashara ndogo na za kati takribani milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano. Tovuti inayowaonyesha waliobaki tu inamwambia msomaji kwamba kila aliyejituma alifika, na huo ni uongo unaoumiza, kwa kuwa aliyefilisika atajiona mvivu wakati huenda alipandishiwa kodi ya pango au aliibiwa mzigo.

Dawa yake ni kusimulia kikamilifu. Sema mtaji ulitoka wapi: Mo Dewji aliingia katika biashara iliyoanzishwa na familia yake, na kulisema hilo hakumpunguzii kazi aliyoifanya baadaye. Sema palipovunjika: Equity iliyoanza mwaka 1984 ilikuwa hoi mwaka 1993, ilipokaguliwa na kukutwa haiwezi kubeba madeni yake, kabla ya kujijenga upya kwa kuwahudumia wateja wadogo waliokuwa wamepuuzwa na benki nyingine. Na kwa kila anayeendelea, mtafute mwingine wa kazi hiyohiyo aliyefunga, umwandike kwa heshima ileile. Wakisomwa pamoja, msomaji ataona lipi lilikuwa bidii, lipi lilikuwa bahati, na lipi lilikuwa uamuzi anaoweza kuuiga au kuuepuka.

Kwa hiyo kijana mwenye wazo hili na alianze. Achague biashara moja na mji mmoja anaoujua, awahoji wanaoifanya kazi hiyo hadi aielewe kama mtu anayejiandaa kuifanya mwenyewe, achunguze kila tarakimu, na aandike kwa Kiswahili kinachosomeka dukani. Akifanya hivyo, atakuwa amewapa watu wetu kitu ambacho matajiri hurithishana mezani na maskini hukitafuta kwa kupoteza mtaji: ujuzi wa jinsi kazi inavyokwenda.