Bandu Bandu Huisha Gogo: Mto Mara na Wajibu wa Wanakiswahili

Wahenga walilonga kuwa bandu bandu huisha gogo. Methali hii, ambayo wengi wetu tuliikariri tangu shule ya msingi, inausawiri Mto Mara vilivyo. Mto huu haudhoofishwi na adui mmoja mwenye shoka kubwa, bali na maelfu ya vishoka, kila kimoja kikidai kuwa kimebandua kidogo tu.

Mto Mara, wenye urefu wa takriban kilomita 400, huanzia katika kinamasi cha Enapuiyapui kwenye nyanda za juu za Mau. Mito ya Amala na Nyangores hukutana na kuwa mmoja, ambao hupita katika hifadhi ya Maasai Mara, huvuka mpaka na kuingia Serengeti, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Wageni huja kutoka pembe zote za dunia kuwatazama nyumbu wakiuvuka. Ni wachache mno wanaouliza maji hayo yametoka wapi.

Kwa maoni yangu, afya ya mto huamuliwa shambani kabla ya kuamuliwa ukingoni. Msitu huipunguza mvua kasi, na udongo wenye mboji na mizizi huyanywa maji polepole. Maji hayo ndiyo huulisha mto wakati wa kiangazi. Miti ikifyekwa, na mteremko ukalimwa bila matuta hadi kwenye kingo, mvua ile ile huteremka kwa pupa. Mto hufura siku mbili tatu huku ukibeba udongo wenye rutuba, kisha hunywea. Basi mafuriko na uhaba wa maji, tunavyovidhania kuwa mahasimu, aghalabu huzaliwa na kosa moja.

Hata hivyo, si haki kumtwika mkulima mdogo lawama zote. Mwaka 2001 ni serikali yenyewe iliyoidhinisha kumegwa kwa zaidi ya hekta 60,000 za msitu wa Mau. Jopokazi lililotoa ripoti yake mwaka 2009 lilieleza kuwa takriban robo ya msitu huo ilikuwa imepotea katika muda wa miongo miwili, na miongoni mwa waliopata ardhi walikuwemo watu wenye vyeo. Lakini watu walipoondolewa katika eneo la Maasai Mau mwaka 2018 na 2019, waliobaki bila makao ni wanyonge.

Kuna watakaosema kwamba mwenye njaa hana muda wa kuwaza kuhusu mto. Waama, hoja hiyo ina mashiko. Lakini matuta yenye nyasi za nepia humpa mkulima lishe ya ng'ombe na kuuzuia udongo wake usiende Musoma. Kuuacha ukingo bila kulimwa, na kutopanda mikaratusi penye chemchemi, si anasa. Ni kulinda shamba la mwakani.

Je, haya yatuhusu nini sisi wa idara za Kiswahili? Katika bonde hili wanaishi Waogiek, Wakipsigis, Wamaasai na Wakurya, raia wa nchi mbili. Lugha inayoweza kuwakutanisha ni Kiswahili. Sheria ya Maji ya mwaka 2002, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, ziliwapa wananchi nafasi ya kuunda vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Ilhali ripoti nyingi kuhusu mto huu zimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Asiyeielewa hoja hawezi kuikubali wala kuipinga. Sisi wenyewe hatujaafikiana iwapo tuseme lindimaji, eneo la vyanzo vya maji au eneo la chemichemi.

Tumeuchambua mara nyingi utenzi wa Abdilatif Abdalla, "Mnazi: Vuta N'kuvute", uliomo katika Sauti ya Dhiki (1973), ambamo ndugu wawili wanazozania mti mmoja. Tumejibu maswali ya mtihani kuhusu ishara zake, kisha tukafunga kitabu. Mto Mara nao una ndugu wa juu na ndugu wa chini, na mzozo wao haujaandikwa ipasavyo kwa lugha wanayoielewa wote wawili.

Shime, wanafunzi wenzangu! Tutafsiri ripoti hizo na kuzisoma katika mabaraza ya wakulima. Nanyi wahadhiri wetu, zipokeeni tasnifu za istilahi za maji na mazingira kwa heshima ile ile mnayoupa ushairi wa kale. Gogo lingalipo, lakini vishoka havijatua.