Paka kafa, lawama kwa jirani

Jamani, kuna jambo linanikera, acha niliseme.

Paka wa rafiki yangu hapa Dar alikufa hivi karibuni. Alitapika, akasusa chakula, siku ya tatu akawa amekwisha. Nyumba nzima ikamgeukia jirani: eti kamtegea sumu! Daktari wa mifugo aliuliza swali moja tu: ndani mna maua gani? Yalikuwapo mezani: lili, yale meupe makubwa yanayonukia.

Kwa paka, lili ni sumu kali. Jani, ua, maji ya chombo, hata ule unga wa ua ukimdondokea kwenye manyoya akajilamba, unatosha. Figo hugoma ndani ya siku moja hadi tatu. Asipofikishwa kwa daktari mapema, ni vigumu kupona.

Nikamkumbuka bibi yangu kule Mabawe, Ngara. Uzio wake ni minyaa, ile inayotoa utomvu mweupe kama maziwa ukiivunja. Siku ya kuipunguza, bibi humfungia paka ndani na kuwafukuza watoto. "Mjukuu wangu, utomvu huu ukikuingia jichoni utaiona dunia giza." Na kweli, unaweza kumtia mtu upofu wa muda. Mbegu za mbarika nazo hataki kuziona mikononi mwa watoto. Bibi hakusoma biolojia. Ila paka wake ndiye anayelinda mahindi na maharage dhidi ya panya, kwa hiyo kila mmea uani kwake anaujua kwa uzuri wake na kwa madhara yake.

Na sisi wasomi? Tunajua bei na jinsi ua litakavyotoka kwenye picha. Muuza miche anatuambia "hili linapenda jua", tunalipa, tunaondoka. Hatuulizi jina. Hatuulizi kama lina sumu. Naye hasemi.

Sisemi tung'oe bustani. Mbona bibi hajang'oa minyaa yake? Nasema tuulize kabla ya kununua, na wauzaji watuambie bila kusubiri kuulizwa. Mwenye paka asiingize lili ndani kabisa. Maana leo ni paka, kesho ni mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni.

Na yule jirani? Mpaka leo hakuna aliyemwomba radhi.

Tafakari.