Nyumba Imefungwa, Shimo Jingine Linachimbwa

Vijana wenzetu, na nyinyi ndugu mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo tuongee kuhusu kufuli. Pita zoni zozote za zamani hapa Dzaleka, Kawale ama Lisungwi, hutakosa mlango wenye kufuli la kutu, majani yamepanda mpaka dirishani. Ukiuliza jirani, anakujibu kwa neno moja: "Waliruka." Wako Kanada, wako Australia, wako Marekani. Nyumba imebaki.

Na si mbali na hapo, familia iliyofika juzi kutoka Kivu inalala kwenye banda la tranziti. Kati yao na familia nyingine kuna kitenge kwenye kamba, basi.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, ikapangiwa watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo tumeshapita 50,000. Kwa hiyo mtu wa nje akisikia Dzaleka kuna nyumba tupu, anadhani tunatania. Kule Japani walipohesabu mwaka 2023 walikuta nyumba tupu karibu milioni 9, lakini kwao inaeleweka: wazee wanakufa, vijana wamehamia mijini, watoto wanazaliwa wachache. Nyumba zimewazidi watu. Kwetu watu wamezidi nyumba, na bado milango inafungwa. Kwa nini?

Wengi husema ni roho mbaya. Sisi hatukubali. Mtu aliyefunga nyumba yake anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Mnakumbuka Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi? Kuna watu walikuwa wameshauza vitanda, sufuria, mabati, wanangoja siku ya safari tu. Safari ikafutwa. Aliyekuwa ameuza nyumba alianza kuomba chumba kwa rafiki. Aliyekuwa amemwachia shemeji ufunguo alirudi kulala kwake. Sasa nani atamwambia huyu wa pili kwamba alikosea?

Halafu kuna jambo la karatasi. Ardhi ya hapa si yetu. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, na cha mali kimo. Kwa hiyo unachoweza kukiita chako ni ukuta na paa, na hata hapo ushahidi wako ni midomo ya majirani. Watu wananunuliana nyumba kimyakimya, jioni, mbele ya mashahidi wawili. Anayeondoka hajui akimkaribisha mtu leo, kesho atamtoaje. Anaona heri kufuli. Wengine wanangoja bei ipande, hilo nalo tuseme. Mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi wa mijini warudi kambini, watu walishuka na magodoro hawajui pa kuyaweka, na wenye funguo ghafla wakakumbuka kwamba wana nyumba.

Shida ni kwamba nyumba zetu hazijui kungoja. Nyumba ya tofali bichi inaishi kwa sababu kuna mtu ndani yake. Kuna mama anayekandika ukuta kila kiangazi, kuna mtoto anayetumwa kuziba tundu la panya, kuna baba anayepanda kuweka jiwe juu ya turubai upepo ukianza. Moshi wa jikoni nao unafukuza wadudu kwenye miti ya paa. Ondoa watu hao, utaona. Mwaka wa kwanza mchwa wanapanda. Mwezi wa Januari mvua inapiga ukuta wa upande ambao hauna upenu, maji yanakula tofali za chini, ukuta unaanza kuinama kama mtu aliyechoka. Kabla haujaanguka, mlango umeshaibiwa, mabati yameibiwa. Msimu wa pili au wa tatu ni kichuguu cha udongo tu. Nguvu yote ya mwenyewe imerudi kuwa tope, na huko Kanada bado anadhani ana nyumba.

Lakini ile familia ya tranziti lazima ijenge siku moja. Itajenga na nini? Na udongo. Nyumba ya vyumba viwili vidogo inataka tofali zaidi ya 1,000, na zote zinatoka chini, palepale kando ya kiwanja. Kwa hiyo kila nyumba mpya inazaliwa pamoja na shimo lake. Yatazameni hayo mashimo mvua ikinyesha. Maji yanakaa wiki, mbu wanazaana, taka za jirani zinaingia, watoto wanaogelea humo tukiwa shuleni. Hatuhitaji daktari kutuambia malaria inatoka wapi. Na bado miti ya paa haijatajwa. Miti inakatwa kwa wenyeji wanaotuzunguka, ambao nao wanaitaka kwa kuni na makaa. Vilima vya karibu vimebaki vipara. Kila nguzo tunayoitoa huko ni neno moja zaidi kwenye ugomvi kati yetu na wenye ardhi. Wakati miti mingine, iliyokwisha katwa, inaliwa na mchwa nyuma ya kufuli.

Kuhusu usalama, dada zetu wanajua zaidi. Nyumba isiyo na mlango kwenye njia ya kwenda bombani si nyumba tupu. Ina wenyewe wa usiku. Wanakunywa pombe humo, wanajisaidia humo, na msichana anazunguka njia ndefu na ndoo kichwani ili asipite hapo. Hilo halihitaji maelezo mengi.

Wengine watasema, basi wapya waingizwe kwa nguvu, nyumba zigawiwe. Hapana jamani. Sisi ndio tunapaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Ndugu zetu Warundi waliokimbia mwaka 1972 waliacha nyumba na mashamba, wengine pale Rumonge. Watu wengine wakawekwa humo. Waliporudi miaka mingi baadaye, kesi zilikuwa nyingi mpaka nchi ikaunda tume ya ardhi na mali mwaka 2006, na hata hiyo tume ikaleta manung'uniko yake. Na kwetu Kongo, nani kati yetu anajua leo analala nani ndani ya nyumba aliyoiacha?

Tunachopendekeza ni kidogo. Anayeondoka amwachie mtu nyumba akae bure, kwa karatasi moja iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa zoni na majirani wawili: wewe unakaa, unakandika, unatunza paa, mimi nikirudi unapewa miezi mitatu kutafuta pengine. Hakuna anayeuza, hakuna anayenyang'anya. Kwa wale wa mashirika, ombi letu ni moja. Kila mwaka tunaona mnahesabu wapya wanaohitaji makazi. Hesabuni na makufuli. Mkijua yako mangapi, mtajua ni viwanja vingapi ambavyo havihitaji kuchimbwa, na saini yenu kama mashahidi kwenye karatasi hiyo itawapa watu moyo kuliko semina.

Sisi tumeanza na nyumba tatu. Mbili wenyewe wamekubali kwa simu, mmoja akalia alipotumiwa picha ya ukuta. Wa tatu bado anafikiria, na hatumlazimishi. Mvua zinaanza Novemba, kwa hiyo kukandika lazima kuishe kabla. Mwenye ufunguo wa mtu aliyeruka, ama mwenye namba yake, atutafute Jumamosi asubuhi uwanjani. Majembe tunayo. Ndoo mje nazo.