Tusimchoree Dereva Ramani ya Pili

Nina ombi moja lisilo na gharama: mtu akiwa njiani anaendesha, usimwelekeze njia kwa simu. Akikupigia, mwambie asimame kwanza.

Wengi wetu tumeshayafanya haya. Kijana wa bodaboda aliyebeba mzigo wetu anapiga: "Nimefika sheli, naelekea wapi?" Nasi kwa nia njema tunamjibu: "Pita sheli, utaona mwembe mkubwa, acha kona ya kwanza, ya pili kata kulia, nyumba yenye geti jekundu inayotazamana na msikiti." Simu ameichomeka ndani ya helmeti, mikono yote miwili imeshika usukani, macho yako mbele. Tunaona hakuna ubaya. Ubaya upo, na uko kichwani mwake.

Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza jinsi akili inavyoshikilia mambo kwa muda mfupi huku ikiyafanyia kazi. Uwezo huo wakauita kumbukumbu ya kazi. Maneno na sauti vina hifadhi yake. Picha, maumbo na mahali vitu vilipo vina hifadhi nyingine, ambayo ni kama ubao wa kuchorea. Kwenye ubao huo dereva hushikilia lori aliloliona kiooni, mtoto aliyesimama pembeni na shimo lililo mbele, hata macho yake yakishahamia kwingine.

Nafasi ya ubao huo ni finyu. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Steven Luck na Edward Vogel, waliwaonyesha watu miraba ya rangi kwa sehemu ndogo ya sekunde, wakaiondoa, kisha wakairudisha na kuuliza kama kuna uliobadilika. Miraba ilipokuwa 3, watu walikosea kwa nadra. Ilipozidi 4, makosa yakaongezeka.

Tena ubao haubagui picha iliyotoka machoni na iliyotoka kwenye fikra. Mwaka 1968 mtafiti Lee Brooks aliwataka watu waione akilini herufi F kubwa, nene, waizunguke ukingoni kona kwa kona, na kwa kila kona wajibu ndiyo au hapana: je, iko juu kabisa au chini kabisa ya herufi? Waliojibu kwa mdomo walikwenda haraka. Walipotakiwa kuonyesha majibu kwa kidole kwenye karatasi, walichelewa sana. Kuifuata picha ya akilini na kutafuta mahali kwenye karatasi ni kazi mbili zinazogombea nafasi moja.

Baddeley mwenyewe yalimkuta. Akiendesha gari huko California, alisikiliza redioni mechi ya mpira wa Kimarekani, akawa anauona uwanja na wachezaji akilini. Mara akagundua gari linayumba na kuacha mstari wake. Haraka akahamisha redio kwenye muziki. Hakuwa ameshika simu, wala hakuwa amelewa.

Basi mfikirie kijana wetu. Kila neno tunalomwambia, mwembe, kona, geti, linachora ramani palepale alipokuwa ameliweka lori na mtoto. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki hupita karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde 3 za kuutafuta mwembe akilini ni zaidi ya mita 40 za barabara.

Kwa hiyo nawaomba. Mwenye mzigo, tuma maelekezo kabla kijana hajaondoka, au mpokee kwenye kituo kinachojulikana. Mwenye duka, usimhesabie dakika alizosimama kando kusikiliza njia. Hizo ni dakika za kazi. Abiria unayejua njia, usimpe safari nzima kwa pumzi moja. Ngoja kona ionekane, useme "kata hapa", maana kona anayoiona kwa macho haimlazimu kuichora. Kama mnapita penye watu wengi, nyamaza kidogo.

Nawe dereva, kaka yangu, dada yangu, usidhani kwamba kusikiliza bila kushika simu kunakupa usalama. Masikio yanasikiliza, lakini kazi ya kuchora inafanywa na akili ileile inayolinda uhai wako. Egesha pembeni, sikiliza, rudia maelekezo kwa sauti, ndipo uondoke.

Hili halisubiri kanuni mpya wala askari wa usalama barabarani. Linaanzia kwako na kwangu, simu inapoita. Leo kijana akikupigia kuuliza njia, neno lako la kwanza liwe hili: "Simama kwanza, kaka, halafu nikuelekeze."